Neno Moja Kuhusu Nyumba ya Vikokotoni

Haltom City, Texas
12 Februari 2024

Kwa Hadiya, unayejiita binti Hudhaifa,

Assalaam aleikum. Sisi hapa wazima, alhamdulillahi, ila baridi ya mwezi uliopita iligandisha mabomba tukawa tunaoga kwa kopo. Mume wangu amerudi kazini baada ya kupasuliwa goti. Mwanangu Mselem, huyo uliyemwandikia, anaendesha lori la mizigo na nyumbani namwona kwa nadra. Mjukuu wangu ameanza skuli. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Natumai nawe huko Houston hujambo.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mselem amenionyesha ujumbe wako kwenye simu yake. Umeandika Kiingereza kirefu: kwamba wewe ni mtoto wa kaka yangu Hudhaifa, aliyetoka Unguja kwenda Poland kusomea mitambo ya meli, kwamba umezaliwa huko Szczecin na mama yako ni Mpolandi, kwamba baba yako hayupo tena duniani, na kwamba umepata viza ya bahati nasibu, sasa uko Texas kama sisi. Halafu, katikati ya hayo, umeweka sentensi moja kuhusu baba yako, sisi, na nyumba yetu ya Vikokotoni. Nilimwambia Mselem anitafsirie mara mbili. Sitairudia hapa. Nakuuliza tu: unaisimamia sentensi ile, au ilikuponyoka?

Usinione mbaya. Mwaka juzi mwanamke ninayeswali naye alijiwa na kijana aliyejitambulisha kuwa mpwa wake. Alijua majina ya wazee wote. Akalishwa, akalazwa, akafuliwa nguo, kisha akaondoka na dhahabu ya binti wa mwanamke yule. Na Hudhaifa alituacha kimya umri mzima. Mimi niamini kwamba leo anazungumza kupitia simu ya Mselem?

Nijibu kwa karatasi, kwa mkono wako, na kwa Kiswahili kama kweli alikufunza. Kwenye simu kila mtu huazima sauti.

Wasalaam,
Bimdogo


Houston, Texas
4 Machi 2024

Shangazi yangu,

Waaleikum salaam. Shikamoo. Nimefurahi mno kuona mwandiko wako, hata kama maneno yake yalikuwa na baridi kuliko hayo mabomba. Mpe pole mjomba kwa goti, na umwambie asiache mazoezi ya kulikunja hata likimuuma. Hiyo ndiyo kazi yangu niliyoisomea. Mama yangu yuko Szczecin, mgongo unamsumbua, lakini bado anapanda ngazi mwenyewe. Mimi ni mtoto wao wa pekee.

Kule nilikuwa tabibu wa viungo. Hapa siruhusiwi kumgusa mgonjwa kama tabibu mpaka nifaulu mtihani wa Kiingereza, kwa hiyo nasaidia wazee kuoga na kuvaa katika nyumba ya kulelea wazee, na jioni naenda darasa la Kiingereza maktabani. Nakaa dawati moja na Clothilde, Mkongo wa Lubumbashi. Ukutani kwangu nimebandika vikaratasi vya maneno mpaka rangi ya ukuta haionekani. Ajabu ni hii: maneno makubwa ya Kiingereza, yale yanayowatisha watu, mimi yananifurahisha, maana mengi yanafanana na ya Kipolandi. Nikiliona moja naona kama nimekutana na mtu wa mtaani kwetu. Vijineno vifupi ndivyo vinavyonitoa jasho. Wazee wanavisema siku nzima, na mimi nacheka tu kama nimeelewa.

Kiswahili alinifunza baba. Alisema Kipolandi nitakipata barabarani, lakini hiki nisipokipata kwake sitakipata popote. Akaniandikisha imla kila Jumapili mpaka nikawa mtu mzima.

Kuhusu sentensi uliyoniuliza: naisimamia. Niliandika kwa makusudi, sikutaka tuanze kwa kufichana. Jambo hilo baba alikuwa nalo mpaka mwisho. Nyumba ya Vikokotoni ikitajwa tu, sura yake inabadilika. Mimi ni mwanawe na nililikuta nyumbani kama nilivyovikuta viti na meza. Ningependa tulizungumze uso kwa uso, nikipata nafasi.

Nami nina swali. Ni nani anayeishi katika nyumba ile sasa?

Mwanao,
Hadiya


Haltom City, Texas
29 Aprili 2024

Hadiya,

Assalaam aleikum. Idi imepita salama. Barua yako ilifika kabla ya Ramadhani. Niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena baada ya Idi, na haikubadilika.

Kiswahili chako ni kizuri kupita kiasi kwa mtu aliyezaliwa kwenye theluji. Nilidhani anakuandikia huyo Mkongo, lakini Mkongo hawezi kusema hivi. Basi kuna mtu wa Unguja nyuma yako, nami sijamjua.

Umesema unaisimamia sentensi. Vizuri, nimekusikia. Swali lako la nani anaishi mle ndani halina jibu kutoka kwangu, na usimuulize mtu mwingine.

Mambo haya nimemwachia Mselem. Tusiandikiane kwa sasa.

Bimdogo


Houston, Texas
22 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Najua ulisema tusiandikiane. Nilitii mpaka ulipomtuma mtu nyumbani kwangu.

Kwanza salamu: kimbunga kilitupitia mapema mwezi huu. Mti uliangukia gari la jirani, umeme ukakatika, na kule kazini tukawa tunawapepea wazee kwa magazeti mpaka mikono ikafa ganzi. Kwa sababu hiyo barua hii imechelewa. Mimi niko salama. Mama anakusalimu, ingawa anauliza kwa nini humsalimu yeye.

Sasa sikiliza kisa chenyewe. Ilikuwa Jumamosi kabla ya kimbunga. Mlango uligongwa, nikafungua, nikamkuta kijana mrefu mwenye kofia. Akasema kwa Kiingereza kwamba anaitwa Sheldon, ametumwa na ofisi ya majengo kukagua ving'ora vya moshi. Nikamkaribisha. Akavua viatu mlangoni, akavipanga vizuri kando, akaingia. Hakutazama dari hata mara moja. Alitazama kuta zangu, meza yangu, picha ya baba.

Shangazi, Houston nzima hakuna mkaguzi anayevua viatu.

Nikamuuliza kwa Kiswahili: "Wewe ni Mselem?"

Akaganda. Kisha akacheka kwa aibu. "Mama kanituma," akasema. "Alitaka tu ni-check kama wewe ni mtu wa kweli."

"Na umeonaje?"

"Naona maneno mengi." Akaonyesha ukutani. Halafu uso ukamrudia ugumu, akakaa. "Dada, tuongee straight. Ile nyumba ni ya family. Una lawyer?"

"Wakili wa nini?"

"Wa ku-claim. Si uliandika mwenyewe? Baba yako alikuwa na 'pretensions' kwa family kuhusu nyumba."

"Ndiyo, alikuwa nazo."

"So unaidai."

"Naidai nini?"

"Nyumba!"

"Mselem," nikamwambia, "nani kakwambia nadai nyumba? Nilisema baba alikuwa na kinyongo."

"Kinyongo ni nini?"

Mwanao halijui neno hilo, shangazi. Ikabidi nimweleze: mtu akikuudhi, ukaliweka moyoni, hulisemi wala hulisahau.

"Oh," akasema. "A grudge."

"Hilo mimi silijui."

Akatoa simu akanionyesha maana. Kwa Kipolandi tunasema "pretensje", na maana yake ni kinyongo, ni lawama. Nililiona neno la Kiingereza lina sura ileile, nikaona fahari kulitumia, nikalituma kwenu. Kumbe kwa Waingereza ni mtu kujidai, au kudai kitu kuwa ni haki yake. Na hilo "grudge", neno fupi kama kikohozi, sikuwahi kulisikia.

Tukaendelea. Nilikuwa nimeandika pia kwamba "eventually" nitakuja kwenu. Kwa Kipolandi neno la sura hiyo lina maana ya labda, mkinikaribisha. Mselem alikufasiria vile Kiingereza kinavyosema, kwamba hatimaye nitakuja tu. Niliandika ombi, mkasoma tishio. Clothilde nilipomhadithia alijipiga paji la uso, maana Kifaransa nacho kimemtega palepale.

Kinyongo chenyewe unakijua. Baba alipooa aliandika kuomba amlete mkewe Vikokotoni. Babu akamjibu kwamba nyumba haina nafasi ya mwanamke yule. Baba hakuandika tena.

Sasa na mimi niseme langu. Umenishuku, sawa, neno langu lilikuwa baya. Lakini kumtuma mwanao kwa jina la uongo anichungulie? Nikaanza kujiuliza nyinyi mnaficha nini. Tena kuna jambo nimeliona tangu barua yako ya kwanza. Umeuliza habari za nyumba. Kaburi la ndugu yako hukuliulizia.

Hadiya


Haltom City, Texas
19 Agosti 2024

Kwa Hadiya,

Waaleikum salaam. Joto limetukausha hapa, bustani yangu ya bamia imekufa yote. Mume wangu anakunja goti kama ulivyosema na amekiri linasaidia. Mpe mama yako salamu zangu. Nimeziandika, uone.

Mselem alirudi akaniambia, "Mama, I messed up." Nikamwambia hukukosea wewe, kosa ni langu kumtuma mtu ambaye hajui kinyongo ni nini kwenda kutafuta ukweli. Kuhusu jina la uongo, hilo alilitunga mwenyewe, mimi nilimwambia atazame tu. Lakini nisijitoe. Nilimtuma, na nisingepaswa.

Umeuliza tunaficha nini. Nitakujibu, halafu nitajua wewe ni mtu gani.

Anayeishi Vikokotoni ni Zuwena, dada yetu mkubwa. Figo zake zimechoka. Analea wajukuu wawili walioachwa na mwanawe, na hana pengine pa kwenda. Uliponiuliza ni nani anayeishi mle, nilimwona Zuwena amekalishwa barazani na masanduku yake.

Na kuna jambo zaidi. Neno lako lilikuwa la makosa, lakini hofu yangu haikuwa ya bure. Baba yetu alifariki Hudhaifa angali hai. Nyumba haijagawanywa mpaka leo. Hudhaifa alikuwa na fungu lake mle, kubwa kuliko langu au la Zuwena, na katika fungu hilo wewe unalo lako. Kadhi yeyote atakwambia hivyo. Laiti ungedai, ungedai haki.

Nimekwambia kwa mkono wangu mwenyewe. Mselem alinikataza. Mume wangu alisema nisubiri. Sasa umejua, na mimi nakutazama utafanya nini.

Bimdogo


Houston, Texas
14 Oktoba 2024

Shangazi Bimdogo,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako muda mrefu, nisamehe. Nilikuwa na mtihani, na nimefeli. Alama zilizonipungukia ni chache. Maneno marefu nilipata karibu yote, nikaangushwa kwenye kusikiliza, watu wawili wakinong'onezana kwa vijineno vyao vifupi. Nitarudia mwezi wa Januari. Mzee mmoja kule kazini ameapa kunifundisha. Kila asubuhi nikimvalisha soksi ananipa neno moja na kunilazimisha nilitumie mpaka adhuhuri.

Kuhusu nyumba. Nimempigia mama simu, tumezungumza mpaka chai yake ikapoa. Jibu letu ni hili. Shangazi Zuwena asitoke. Akae mle na wajukuu wake mpaka mwisho wa siku zake, na asisikie kutoka kwa mtu yeyote kwamba anakaa kwa hisani yangu. Lakini fungu sisemi nimelisamehe. Nataka jina la Hudhaifa liandikwe pamoja na majina yenu, kwa kadhi, mbele ya mashahidi. Aliambiwa nyumba haina nafasi. Nataka pawe na karatasi inayosema alikuwa nayo. Ukiniona mchoyo kwa hilo, nione hivyo.

Na hujauliza bado. Nilingoja barua ya Agosti nikidhani utauliza, hukuuliza. Basi nitakwambia bila kuulizwa.

Alifariki Januari, mwaka ule wa maradhi ya mapafu. Hatukuruhusiwa kuingia wodini. Siku za mwisho Kipolandi kilimtoka chote. Miaka yake yote kule, akabaki na Kiswahili kitupu, na manesi hawakumwelewa. Nesi mmoja akanipigia simu. "Baba yako anarudia neno moja," akasema, "tunaogopa ni maumivu, tusaidie." Akamsogezea simu mdomoni. Nikasikia anasema, "Bimdogo, nifungulie. Bimdogo, nifungulie."

Nesi akaniuliza maana yake. Nikamwambia, anamwomba dada yake amfungulie mlango. Akaniuliza, dada yake yuko karibu? Nikasema hapana.

Amezikwa Szczecin. Ardhi ilikuwa imeganda, walichimba kwa mashine. Vijana wa Kisyria wanaosoma pale walimswalia, hawakumjua hata mmoja. Mama anakwenda kila Ijumaa.

Hilo ndilo nililokuja nalo Texas, shangazi. Sentensi ile nyingine niliiandika kwa sababu hii sikuweza kuiandika kwa Kiingereza.

Mwanao,
Hadiya


Haltom City, Texas
4 Novemba 2024

Mwanangu Hadiya,

Assalaam aleikum. Pole kwa mtihani. Mpe mzee wa soksi shukrani zangu. Nyumbani wote wazima.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Mume wangu alinikuta jikoni nimeshika kalamu na sufuria inaungua.

Hudhaifa alipokuwa kijana alikuwa akichelewa mpirani. Baba alikuwa mkali, magharibi ikiingia anatia komeo mlangoni. Hudhaifa anakuja kwa nyuma, anagusa dirisha langu kwa kucha, na kusema hivyohivyo ulivyoandika. Nami nashuka pekupeku namfungulia. Hatukumwambia mtu, hata Zuwena. Wewe usingeweza kulijua hilo, wala tapeli yeyote duniani.

Umeniuliza mara mbili kwa nini sikuulizia kaburi. Nitakujibu, na ukishasoma fanya utakavyo.

Nilitaka uwe mwongo. Mselem aliponisomea kwamba Hudhaifa amefariki, nilimwambia papo hapo, huyu mwanamke ni tapeli, anataka nyumba. Hata kabla hajafika kwenye sentensi ile nilikuwa nimeshasema. Kwa sababu ukiwa tapeli, basi kaka yangu yuko hai mahali fulani, amenuna tu, na aliyenuna iko siku atarudi. Nimeishi na matumaini hayo tangu nilipokuwa msichana. Kila barua yako nilikuwa naipekua nitafute uongo, nikipata hata mmoja nipumue. Ningekuulizia kaburi, ungeniambia liko wapi.

Nimempigia Zuwena. Nilimsomea barua yako neno kwa neno. Alilia kwanza. Kisha akasema jina liandikwe, tena liandikwe la kwanza, yeye ndiye mwanamume. Atakwenda kwa kadhi na mjukuu wake wiki hii. Halafu akauliza mama yako akija Vikokotoni anaweza ngazi, au amtayarishie chumba cha chini. Nikamwambia anapanda mwenyewe. Akasema basi apewe cha juu, kina upepo.

Jumamosi ijayo tunamsomea Hudhaifa khitma hapa kwangu. Najua tumechelewa. Nimewaalika watu wa msikitini, biriani itapikwa ya kutosha. Mselem atakufuata Ijumaa jioni, atajitaja kwa jina lake.

Watu watakuja kutoa pole, na watataka kujua wampe nani mkono. Nitawaambia wafiwa tuko wawili.

Shangazi yako,
Bimdogo